Ngoma Ilimwita Nani?

Kipaza sauti bado kimo mkononi mwa Morenike. Wiki nzima mmenisumbua, sokoni, msikitini, mpaka kwa kinyozi: alisema nini? Alisema nini? Haya, tulizeni roho, nawaambia.

Kwa aliyepitwa na gazeti la wiki jana, Morenike ni mke wa Gavana Olujimi Fadeyibi, anayetaka muhula wa pili kwa udi na uvumba. Uchaguzi ni Jumamosi. Jumatano mchana msafara uliingia Ayegun, mji aliozaliwa huyu mama, na watu walijaa uwanjani hadi juu ya paa la shule. Mimi nilikuwepo. Kidole changu cha mguu kilichokanyagwa siku ile hakijapona hadi leo.

Mzee Ayanwumi akaibana ngoma yake kwapani, akaipiga kwa kile kifimbo kilichopinda, na ngoma ikasema: "Aduke, mwenye nyumba, umefika!"

Na nani alikuwa anapanda ngazi za jukwaa dakika ileile? Titilola, mkuu wa kampeni, kilemba kimesimama kichwani utadhani mnara wa simu. Jina lake la kudekezwa, lile alilopewa na bibi yake, ni Aduke.

Mke wa ndoa kakaa kwenye kiti saa nzima, hakuna aliyempigia hata debe. Mwenye nyumba ndiyo kwanza anapanda ngazi! Morenike akainuka, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, na ngoma ikanyamaza katikati ya sentensi. Hapo ndipo tulipoachana.

"Watu wa kwetu," alisema Morenike, kwa upole wa kutisha.

"Eeeh!"

"Miaka minne iliyopita nilikuja hapa kumwombea kura mume wangu. Mlinipa, hamkunipa?"

"Tulikupaaa!"

"Ahsanteni. Leo siombi. Mmesikia wenyewe, mwenye nyumba amefika. Yeye ndiye awaombe."

Akarudisha kipaza sauti. Kisha, mbele ya kadamnasi, akafungua kilemba chake. Kichwa wazi. Kitambaa kile kirefu cha buluu akakizungusha kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu zote.

Sisi huita kujifunga kibwebwe. Kule Ayegun, mwanamke akishusha kilemba kutoka kichwani hadi kiunoni, hata mbwa hutafuta uvungu.

Akateremka ngazi, akaenda zake kwa mama yake kwa miguu. Gari la serikali likamfuata nyuma polepole, yeye hata halitazami. Na wanawake wa sokoni, safu baada ya safu, wakainuka wakamfuata.

Gavana alibaki mkono juu, alikuwa anapungia watu. Akausahau hukohuko juu.

Titilola akajaribu kuokoa jahazi. "Ayegun oyee!"

"Nimesema Ayegun oyeee!"

"Mwenye nyumba, nenda kapike!" akajibu mama mmoja kutoka nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Msiseme ni mambo ya wanawake. Uchaguzi uliopita Olujimi alishinda kwa kura elfu mbili na mia tatu. Ayegun peke yake ilimpa elfu kumi na moja. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nina hadithi ya kusimulia.

*

Mama Efunpeju, mama mzazi wa Morenike, alikuwa jikoni anakaanga pilipili kwa mawese. Bibi huyu ndiye mkuu wa wanawake wa soko la Ayegun. Kila Ijumaa kabla ya uchaguzi hugonga kengele katikati ya soko, akataja jina moja. Jina hilo ndilo hupigiwa kura. Wagombea wote wanalijua hilo, na wote wamewahi kumletea vitenge.

"Sema neno moja tu, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ijumaa nigonge kengele, nimtaje nani?"

"Mama, nipe kwanza nipumue."

"Umeshapumua tangu ukiwa mtoto. Kwani huyo Titilola amekufanyia nini hasa?"

Hapo sasa! Morenike alikuwa na orodha, na orodha ya wivu haina ukurasa wa mwisho.

"Anashika simu ya mume wangu kwenye mikutano. Mimi nikiiomba, naambiwa chaji imeisha. Anajua ni goti lipi linalomuuma. Anampunguzia pilipili kwenye mchuzi bila kuulizwa, Mama! Na tangu aje, hajawahi kunipigia goti hata siku moja. Ananisalimia amesimama wima, mimi niliyemzidi miaka kumi na mitatu."

"Wima?"

"Wima kama nguzo."

Mama Efunpeju akaitua sufuria chini. La mchuzi angeweza kulisamehe. La kutopiga goti, hapana.

Simu ya Morenike ikalia. Mhandisi Oguntuga, mpinzani wa mumewe, yule yule aliyekuwa anamwita Gavana "fundi wa ahadi" kwenye redio.

"Mama, pole sana kwa yaliyokupata," alisema, sauti imejaa asali.

"Nani kakwambia yamenipata?"

"Mama, habari imefika hadi jikoni kwangu. Nasema hivi, Ijumaa simama nami sokoni. Usihutubie. Ninyanyue mkono tu, basi."

Morenike akamwona kichwani Titilola wa Jumapili asubuhi, kampeni imekufa, mnara wa simu umeanguka. Akajisikia vizuri mpaka akajiogopa.

"Nipigie saa kumi kamili," alisema. "Nitakupa jibu."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika tano.

*

Saa tisa na robo Gavana alifika bila king'ora. Alipovuka kizingiti alimwona mama mkwe wake, akajitupa kifudifudi sakafuni, na kanzu yake pana nyeupe, paji la uso chini, kama mkwe yeyote wa kule anavyopaswa. Tatizo ni kwamba Mama Efunpeju alikuwa amemwaga mawese pale dakika mbili kabla.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lala tu, mwanangu, umechoka na kampeni."

"Mama, naomba niinuke."

"Ukiinuka utakwenda wapi? Uwanjani hakuna mtu."

Akaachwa pale chini kwa muda mrefu kuliko gavana yeyote aliyewahi kulala sakafuni. Alipoinuka kifua kilikuwa na doa jekundu la ukubwa wa sahani.

"Abeke wangu," akaanza.

Abeke ndilo jina la kudekezwa la Morenike, na mumewe hulitumia mara chache kuliko mvua ya kiangazi.

"Abeke hutoka ukiwa na shida," alisema Morenike. "Ukiwa huna shida mimi ni 'wewe'."

"Sina chochote na Titilola. Naapa kwa kaburi la baba yangu, sijamgusa hata kidole!"

"Ngoma imesema."

"Ngoma imesema nini?"

"Ngoma imesema Aduke! Watu elfu tano wamesikia! Unajua hata maana ya hilo jina? Mtu anayegombaniwa kudekezwa. Haya, mimi nimejitoa kwenye ugomvi, mdekeze peke yako!"

"Abeke, punguza sauti."

"Nipunguze? Nipunguze kama pilipili kwenye mchuzi wako?"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Titilola mwenyewe! Kilemba kimelala upande, kiatu kimoja kimevunjika kisigino, na mkononi kashika mkono wa kanzu ya Mzee Ayanwumi, kamburuta na ngoma yake kama mtu aliyekamata kuku.

"Mimi sitaitwa mwizi wa mume kwa kosa la ngoma!" alifoka. "Nimeijenga kampeni hii kata kwa kata, miezi minane! Mzee, waambie hawa ulimwita nani!"

Hakupiga goti. Mama Efunpeju aliliona hilo, akaliweka akiba.

"Kwanza naomba maji," alisema mzee.

Akapewa. Akanywa taratibu, kwa raha zake, huku jimbo zima likisubiri. Wapiga ngoma wa ukoo wa Ayan ndivyo walivyo, hawaharakishwi na mtu.

"Mama mkwe wa Gavana," alisema mwishowe, "niambie jina, nilipige."

"Piga Aduke," alisema Mama Efunpeju.

Akabana ngoma, akapiga. Chini, chini, juu.

"Sasa piga Abeke."

Chini, chini, juu.

"Umerudia lilelile."

"Sijarudia, Mama. Nimepiga Abeke. Ngoma haina ulimi, ina kushuka na kupanda tu. Aduke hushuka, hushuka, hupanda. Abeke hushuka, hushuka, hupanda. Sikio ndilo huchagua."

Morenike alihisi uso unawaka.

"Na wewe umezaliwa hapahapa," mama yake alimgeukia. "Hili unalijua tangu unanyonya. Umepatwa na nini?"

"Nilimwona anapanda ngazi, Mama."

"Kwa hiyo ulisikia kwa macho!"

Gavana akapiga makofi. Lo, mwanaume alichangamka! "Umesikia? Umesikia, mke wangu? Ulikuwa unaitwa wewe! Mwenye nyumba, Abeke, ndiwe wewe mwenyewe, na wewe ukamnyamazisha mzee wa watu!"

Akacheka, na kicheko chake kikamwambukiza hata Mama Efunpeju. Morenike akajikuta naye anacheka, machozi yanamtoka, nusu aibu, nusu furaha. Miezi minane alikuwa hajalala vizuri, na kumbe adui alikuwa ni sikio lake. Akamtazama Titilola, na kwa mara ya kwanza akamwona ni msichana aliyechoka, kiatu kimevunjika.

"Nisamehe," alimwambia.

"Yameisha, mama," alijibu Titilola. Bado wima, lakini sauti imelainika.

"Mama," alisema Morenike, "Ijumaa gonga kengele. Mtaje mkwe wako."

"Na yule mwingine wa saa kumi?"

"Nitamwambia atafute mkono mwingine wa kunyanyua."

Saa tisa na dakika hamsini. Mama Efunpeju akaagiza viazi vikuu vitwangwe, wageni wale. Morenike akafungua kitambaa kiunoni, akasimama mbele ya kioo, akaanza kukirudisha kichwani. Mkunjo wa kwanza. Mkunjo wa pili.

Wivu, msomaji wangu, ukiufukuza mlangoni hurudi dirishani kuchukua kofia yake. Kwenye mkunjo wa tatu mkono wa Morenike ulisimama.

"Mzee," alisema akiangalia kiooni, "jina halipigwi peke yake."

"Halipigwi, mwanangu. Majina yanafanana. Ndiyo maana jina hufuatwa na sifa za ukoo, ili kila mtu ajue ni nani."

"Mimi ukoo wangu ni wafuma nguo. Titilola?"

"Wahunzi," alisema Titilola.

"Kule uwanjani nilikukatiza kabla hujafika kwenye ukoo. Hebu ipige sentensi ile mpaka mwisho."

Gavana alikuwa amenyoosha mkono kuchukua kipande cha samaki. Mkono ukaishia njiani. "Jamani, haina haja! Mambo yamekwisha. Mzee mwenyewe amechoka."

"Sijachoka," alisema Mzee Ayanwumi.

"Umechoka, mzee wangu."

"Mheshimiwa, mimi nimepiga siku saba mfululizo kwenye mazishi ya mfalme. Nichoke na sentensi moja?"

"Piga," alisema Morenike.

Akapiga. Chini, chini, juu. Mwenye nyumba, umefika. Kisha kifimbo kikakimbia, ngoma ikalia kwa nguvu, na kila aliyekuwemo chumbani, maana wote ni wa kulekule, alielewa neno kwa neno: "Binti wa wapiga mieleka! Wanaokuangusha na hawakuombi radhi!"

Ngoma ikanyamaza.

Jikoni mchi uliendelea kutwanga.

"Wapiga mieleka?" alisema Mama Efunpeju. "Ni nani mpiga mieleka humu?"

Morenike akamtazama Titilola. Titilola akamtazama Morenike. Wafuma nguo na wahunzi.

"Humu hayumo," alisema mzee, kwa roho safi kabisa, akifuta kifimbo chake. "Alikuwa kule hema la wageni. Yule wa gari jeupe. Alifika wakati huyu binti anapanda ngazi. Nami nikasema, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba hawezi kushuka garini juani asiimbiwe, watu watanicheka. Si mwenye ile nyumba yako ya kule Oke-Ayo? Si nilimpigia mwenyewe siku ya kolanati zake za posa, Mheshimiwa? Ulivaa kijani."

Mheshimiwa alikohoa. Alikohoa tena. Alitafuta maji, kikombe kilikuwa kitupu.

"Anaitwa nani?" aliuliza Morenike. Sauti ilikuwa ileile ya kule jukwaani, ya upole.

"Asake."

"Chini, chini, juu," alisema Mama Efunpeju polepole. Akakaa kwenye kigoda. "Asake. Maana yake aliyechaguliwa. Kumbe uchaguzi ulishafanyika, jamani! Sisi ndio hatukuonyeshwa kituo."

"Abeke..." alisema Gavana.

"Subiri!" Mama mkwe alimnyooshea mwiko. "Sema kwa mdomo mpana, usiseme kwa ngoma, tujue unamwita yupi."

Jasho lilimtiririka hadi kwenye doa la mawese. Na hapo, wakati kila mtu anamtazama Morenike aangue kilio, sauti iliyopasuka ilikuwa ya Titilola.

"Uliniambia baada ya uchaguzi."

Morenike akageuka. "Alikuambia nini?"

Titilola hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwa Gavana, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Morenike alikijua vizuri, maana alikuwa akikiona kiooni kila asubuhi kwa miezi minane.

"Uliniambia nisubiri. Uliniambia sasa hivi watu watasema, lakini tukishinda tu, utakuja kwa wazee wangu na kolanati. Ndiyo maana nimetembea kata zote hizi kwa miguu! Ndiyo maana sijalala! Nikawa najisifu moyoni kwamba hujanigusa kwa sababu unaniheshimu!"

"Titilola, haya si mambo ya—"

"Miezi saba!" Alihesabu kwa vidole. "Miezi saba iliyopita ulinituma nikatafute hema la kampeni kaskazini. Siku tatu. Nikakupigia simu, ukaniambia uko kwenye kikao."

"Na mimi aliniambia yuko nawe kaskazini," alisema Morenike. "Nililia siku tatu hizo, nikiwaza mnafanya nini."

"Nilikuwa nalala ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye benchi."

Wanawake wawili wakatazamana. Miezi minane walikuwa wamechungana, kilemba kwa kilemba, na mlango wa nyuma ukabaki wazi.

Titilola akainua mikono. Akakishusha kile kilemba kirefu, akakizungusha kiunoni, akakaza fundo. Morenike naye akavuta mikunjo yake mitatu, kitambaa cha buluu kikarudi kiunoni kilikotoka.

"Mzee Ayanwumi," alisema Gavana kwa sauti ya mgonjwa, "tutoke nje kidogo, mimi na wewe."

"Mimi nasubiri chakula," alisema mzee.

Saa ya ukutani ikagonga saa kumi. Na juu ya meza, kando ya sahani ya samaki, simu ya Morenike ikaanza kulia. Oguntuga. Mtu wa miadi yule, hakuchelewa hata dakika.

Gavana aliitazama simu kama mtu anayetazama nyoka. "Morenike," alisema, "miaka kumi na tisa. Watoto watatu. Usipokee hiyo simu. Nakuomba kama mume."

Ikalia mara ya tatu. Mara ya nne. Mkono wa Morenike ulikuwa juu yake, hauteremki. Miaka kumi na tisa si siku moja, nanyi mlioolewa mnanielewa.

Ndipo Titilola, mkuu wa kampeni, mwenye majina ya mawakala wote na siri za kata zote, akachechemea kwa kile kiatu chake hadi mbele ya mke wa Gavana. Akapiga goti. Goti la kweli, lililogusa sakafu.

"Pokea, dada," alisema. "Na ukimaliza, nipe na mimi niongee naye."